Kupokea na Kupeleka: Kazi ya Kanisa Mtoto Anapoumizwa

Mhadhara uliotolewa Mbwara, Rufiji, mbele ya viongozi wa makanisa na wageni wao

Ndugu mwenyekiti, wachungaji, mapadre na makatekista, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili, viongozi wa serikali ya kijiji, na mashehe wetu mlioitikia mwaliko: Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam alaykum. Nimetoa salamu zote tatu kwa makusudi. Hapa Mbwara, kama ilivyo Kibiti na vijiji vya delta ya mto Rufiji, Wakristo ni wachache katikati ya majirani Waislamu, na mtoto anayeumizwa kanisani Jumapili ndiye anayechota maji kisima kimoja na watoto wa madrasa Jumatatu. Nikisema kanisa, basi, kila nyumba ya ibada inayopokea watoto wa watu ijione imetajwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutambua na kuripoti mashaka yanayohusu usalama wa watoto katika jumuiya zetu. Lengo langu ni jembamba. Nataka niwashawishi kwamba kanisa linapopata habari ya mtoto kuumizwa lina kazi mbili tu: kupokea na kupeleka. Kuchunguza kuna wenyewe, na kusuluhisha hakumo kabisa. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika mkoa huu wa Pwani kwa muda mrefu, na mashauri mengi niliyoyaona yakiharibika hayakuharibiwa na watu wabaya. Yaliharibiwa na watu wema waliokaa kikao.

Jambo la kwanza ni hofu. Nalitanguliza kwa sababu wanaotuletea semina kutoka mjini huliruka. Ukimwambia mtu wa Kibiti au Rufiji “katoe taarifa”, moyo wake unarudi miaka ya 2015 hadi 2017. Wenyeviti wa vijiji waliuawa, watendaji waliuawa, na raia wa kawaida waliodhaniwa kupeleka maneno polisi waliuawa pia. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa mpigo katika wilaya ya Kibiti. Pikipiki zikakatazwa kutembea usiku, ikaundwa kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, na watu wakajifunza kwamba salama ya mtu ni kutojua. Sijaona, sijasikia. Somo lile halijasahaulika, na anayelipuuza atahubiria miti.

Kwa hiyo sitawaambia muwe majasiri. Ninachoomba ni kwamba taarifa ya mtoto isibebwe na mtu mmoja peke yake. Iende kwa jina la kanisa, ipelekwe na watu wawili, ili atakayetafuta “nani katutaja” asipate wa kumnyooshea kidole. Na akiulizwa yeyote kati yao kwa nini amesema, ana jibu ambalo halimhitaji awe shujaa: sheria imemwamuru. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamwekea kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuipeleka kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haisemi mwenye ushahidi wa kutosha. Inasema ushahidi au taarifa. Na mtoto, kwa sheria hiyo, ni kila aliye chini ya miaka 18, hata kama ameshavunja ungo na kuchezwa, hata kama kwa macho ya mtaa ni mtu mzima.

Jambo la pili ni dalili. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walipata kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabuni watoto wa shule ya Jumapili wiki ijayo, wavulana wakiwemo, mniambie kama hesabu hiyo inaturuhusu kusema “kwetu hakuna”.

Tuangalie mahali petu. Msimu wa kuamia ndege wazazi huhamia madunguni kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe, na wanafunzi huachwa kijijini kwa bibi, kwa jirani, au kwa mwinjilisti mwenye nyumba ya bati na taa ya sola ya kusomea. Mara nyingi huo ni msaada wa kweli, na mzazi hushukuru. Lakini mtoto huyo kwa miezi kadhaa hana mtu wa karibu wa kumweleza jambo. Hali ilikuwa kama hiyo Aprili 2024 mto ulipofurika na familia za bondeni zikakimbilia maeneo ya juu: watoto walilala pamoja na watu wasiowajua, na kila aliyekuja na unga na neno la Mungu alipokelewa bila kuulizwa anatoka wapi.

Dalili zenyewe mnazijua kuliko mnavyodhani. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Aliyependa kwaya anatafuta kila sababu asiende mazoezini. Binti anaonekana na simu, vocha au viatu vipya, na nyumbani hakuna aliyenunua. Mtoto mdogo anataja mambo ya chumbani ambayo umri wake haujui. Mwingine anaketi upande upande, anashuka ghafla darasani, analala muda wote wa mafundisho ya kipaimara, au anaruka akiguswa bega. Dalili moja haithibitishi kitu. Mtoto anaweza kukojoa kwa sababu ya kichocho, na bondeni kichocho tunacho. Nguo kuchanika na tumbo kuwa na njaa mara nyingi ni umaskini tu, na ni aibu kumshitaki maskini kwa umaskini wake. Mashaka yanazaliwa dalili zinapofuatana na kumzunguka mtu mmoja au sehemu moja.

Ndiyo maana nasisitiza kumtazama mtu mzima pia, si mtoto pekee. Yuko kiongozi ambaye kila mara hubaki na mtoto yule yule “kupanga viti”. Yuko anayewapa watoto fulani zawadi na kuwaambia iwe siri yetu. Yuko anayefanya maombezi ya kufungua vifungo usiku, mlango umefungwa, mzazi akisubiri nje. Yuko anayemtangaza mtoto kuwa na pepo au uchawi, na mafungo na viboko vikafuata. Hilo la mwisho nalitaja kwa uzito, kwa sababu kuna watu wanaliona ni ibada na hawalioni kuwa ni kupigwa na kunyimwa chakula, ambavyo sheria ya nchi inavijua kwa majina yake.

Jambo la tatu ni kusikia. Mtoto hasemi “nimefanyiwa ukatili”. Husema “sitaki tena kwenda kufagia kwa mwalimu”. Anarusha neno dogo, kisha anakutazama usoni. Ukimkemea kwamba ni mvivu, atafunga, na huenda asifungue tena kwa miaka. Ukishtuka na kupiga kelele, atafunga vilevile.

Mpe nafasi. Mwulize maswali yasiyo na jibu ndani yake: ilikuwaje, kisha nini, nani. Usimwulize “fulani alikugusa?” maana siku ya mahakama wakili atasema jina lilitoka kinywani mwako. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu; mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumlinda. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba kosa si lake. Kisha ukifika nyumbani chukua daftari. Nitawasomea mfano niliouandika mwenyewe kwa ajili ya mafunzo, msitafute mwenyewe ni nani:

“Jumatano, saa 10 jioni, nje ya kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya. Alisema: Ananifungia mlango. Nikauliza: Nani? Akasema: Mwalimu. Nikauliza: Kisha nini? Akanyamaza, akalia. Nikamwambia amefanya vizuri kusema. Sikuuliza zaidi.”

Basi. Hakuna maoni ya mwandishi, hakuna “nadhani”, maneno ya mtoto yamebaki ya mtoto. Kama ana jina lake la utotoni la sehemu ya mwili, liandike hilo hilo, usilisafishe. Mistari sita ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za muhtasari wa kamati.

Jambo la nne ni kikao chenyewe, na hapa mtanivumilia nikae kidogo.

Kikao hukaa hivi. Mwalimu wa watoto anamwambia mama mchungaji, mama mchungaji anamwambia mchungaji, mchungaji anawaita wazee. Wazee wanamwita mtuhumiwa. Anakana, kisha analia, kisha anasema ni shetani. Baba wa mtoto anaitwa. Yanatajwa mambo ya heshima, ya kanisa kuwa changa, ya majirani watakaotucheka. Zinatolewa fedha, wanapeana mikono, wanaomba. Mtoto anaingizwa mwishoni na kuambiwa asamehe. Mtuhumiwa anahamishiwa kigango kingine, na huko nako kuna watoto. (Naona wazee wangu wa mstari wa mbele wanatazamana. Sijamtaja mtu.)

Mtuhumiwa ameonywa mapema, kwa hiyo ana muda wa kukimbia au kuwatisha mashahidi. Mtoto amehojiwa na watu watano wasiojua kuhoji. Na makosa haya ni ya jinai, hayana mwenye mamlaka ya kuyamaliza kifamilia. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliibadili Kanuni ya Adhabu: kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akisemwa aliridhia, na adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30. Msichana akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Kwa wavulana viko vifungu vingine, navyo ni vikali. Isitoshe, kifungu cha 130 cha Kanuni hiyo, kikiorodhesha wanaotumia vibaya nafasi zao, kinamtaja waziwazi kiongozi wa dini, pamoja na mganga wa kienyeji na mtumishi wa hospitali. Waliotunga sheria walituona. Na wale wanaosema “ni neno la mtoto dhidi ya mtumishi wa Mungu” wajue kwamba kwa makosa haya mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Wachungaji wananijibu kwa ule mstari wa Zaburi kuhusu wapakwa mafuta. Nami ninawarudisha kwenye Samweli wa Pili, sura ya 13. Tamari alibakwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu akamwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Mfalme Daudi, baba yao, aliposikia alikasirika sana. Halafu? Halafu hakuna. Hakufanya lolote. Miaka miwili baadaye Amnoni akauawa kwa amri ya Absalomu, na nyumba ya mfalme haikutulia tena. Kile kilikuwa kikao kilichomalizwa kinyumbani.

Mkisema hayo ni ya kale, tuvuke mpaka kidogo. Shakahola iko Kenya, kaunti ya Kilifi, huko Malindi, pwani ileile yetu. Mhubiri Paul Mackenzie alikamatwa na kushtakiwa mwaka 2017 kwa mafundisho yake, yakiwemo ya kuwakataza watoto shule. Akaja kulifunga kanisa lake mjini na kuhamia msituni na waumini. Machi 2023 alikamatwa tena kwa tuhuma za vifo vya watoto wawili walioshindishwa njaa, akaachiwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili iliyopatikana ilizidi 400. Februari 2024 yeye na wenzake 29 walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Walikana mashtaka, na mahakama ndiyo yenye neno. Ninachowaonyesha ni mfuatano wa miaka. Ndugu na majirani walisema mapema. Taarifa zilikuwepo, hazikufuatwa hadi mwisho. Kwa hiyo sikilizeni, nanyi viongozi wa serikali mliokaa hapa: kupeleka ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni yenu.

Wenye makanisa makubwa na ofisi za ghorofa wasijidhanie kuwa salama. John Smyth alikuwa wakili wa Uingereza aliyeendesha makambi ya vijana Wakristo na kuwapiga wavulana kikatili. Baadhi ya viongozi walilijua jambo hilo tangu mwaka 1982. Hawakumpeleka polisi. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akafungua makambi mengine, akaendelea. Mwaka 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la kambi yake. Smyth alifariki Afrika Kusini mwaka 2018 bila kuhukumiwa kwa aliyoyatenda. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu kwa sababu alielezwa jambo hilo mwaka 2013 na halikusukumwa inavyotakiwa. Tazameni alikohamia: Afrika. Anapokuja kwetu mtu na barua nzuri na fedha za kambi ya vijana, haki yetu ni kuuliza alikotoka, na kuandika kwa waliomjua huko.

Kanisa Katoliki limeliweka jambo hili katika sheria yake. Papa Fransisko, Mei 2019, aliagiza kila jimbo liwe na mfumo wa kupokea taarifa ambao watu wanaweza kuufikia kwa urahisi. Siri ya kitubio haiguswi, hilo naliheshimu. Lakini mazungumzo ofisini kwa padre si kitubio, ushauri wa mchungaji si kitubio, na katekista hana kitubio cha kujifichia.

Nimesikia minong'ono kuhusu kumsingizia mtu. Inatokea, mara chache. Na kanisa lisilochunguza ndilo linalomlinda zaidi aliyesingiziwa, kwa kuwa halimhukumu. Linamwondoa kwenye kazi za watoto kwa muda, kimya, bila kutangaza madhabahuni, na kuwaachia wenye kazi yao. Akisafishwa, arudi na heshima yake. Aliyesafishwa na kikao cha wazee hasafiki, maana kijiji kizima kinajua waliokaa ni shemeji zake.

Jambo la tano ni saa. Mtoto akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Saa hizo hazijui hali ya mto. Ninyi mnaotoka deltani mnajua maana yake. Maji yakitoka, mtumbwi unalala kwenye tope la mikoko hadi yajae tena. Boti ya kwenda Nyamisati unaisubiri, na kutoka hapo kuna barabara ya kufika Kibiti. Siku moja inaishia njiani bila mtu kufanya uzembe wowote. Kikao cha wazee cha siku mbili kinamaliza zilizobaki.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu. Mtoto aende kwanza kwenye matibabu. Asiogeshwe kabla, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye karatasi au bahasha, si mfuko wa plastiki unaoozesha. Wakati huohuo watu wawili wa kanisa wamwone mtendaji wa kijiji au wa kata, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri apigiwe simu. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 hutolewa polisi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutana na mtoto mahali pamoja, asirudie habari yake kila mlango. Na kama mtendaji mwenyewe ndiye mtuhumiwa, au ni mjomba wake, piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Ni bure.

Ndoa za watoto nazo zihesabiwe miongoni mwa mambo ya kupeleka. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mchungaji anayefungisha ndoa ili kufunika mimba ya mwanafunzi anafunika jinai: tangu mwaka 2016 kumpa mimba mwanafunzi, au kumwoa, ni kifungo cha miaka 30.

Jambo la sita ni kuzuia, nami nitalipita haraka kwa sababu halina ugumu. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mazoezi ya kwaya yaishe kabla ya giza, na mikesha iwe na walinzi wanawake na wanaume. Watoto wakienda kambi ya Pasaka, wasichana na wavulana walale mbali, na mlezi asilale nao chumba kimoja peke yake. Mlango wa ofisi ya mchungaji ubaki wazi, au uwekwe kioo. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Sasa ya mbele. Sipendekezi kamati mpya. Kamati za kulinda wanawake na watoto chini ya mpango wa taifa wa MTAKUWWA zimeshaelekezwa kuwepo hadi vijijini, na kanisa liombe kiti humo badala ya kuunda yake. Ninachoomba kila usharika, kila parokia na kila kanisa la kipentekoste lililoko hapa ni watu wawili wa kupokea taarifa, mwanamke na mwanaume, wasio ndugu wa mchungaji wala wa padre, wenye daftari lenye kufuli. Mashehe wetu wakiona linafaa, madrasa zifanye hivyo hivyo, na tukutane hapa mwakani kuulizana: mmepokea nini, mmepeleka wapi, na waliopelekewa walifanya nini. Swali la tatu nitaomba mkuu wa wilaya awepo kulijibu.

Kabla ya ibada ya Jumapili ijayo majina hayo mawili yabandikwe mlangoni pa kanisa, kwa maandishi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyasoma, na chini yake iandikwe 116. Maswali nayapokea, na naomba tuanze na akina mama walioketi nyuma.